Kabichi Zilizokataa Kuota

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijagongwa, Kigingi alikuwa tayari yuko bustanini. Alichota maji kwenye pipa lililokuwa nyuma ya darasa la saba, akayabeba kwa ndoo iliyofungwa kamba badala ya mpini, kisha akamwagilia kitalu chake taratibu, akiyapitisha maji katikati ya vidole ili yasifukue mbegu. Wenzake walimwaga maji kama watu wanaozima moto, halafu hao, mbio mpirani! Kigingi hakuwa na haraka hiyo. Jina lenyewe alipewa nyumbani akiwa bado mdogo kabisa, kwa kuwa akishaamua jambo hang'oki, na hata walimu walikuwa wamelizoea.

Mwaka huo kila dawati lilipewa kitalu kimoja cha kabichi. Kigingi alikaa dawati moja na Miwani, msichana mpole aliyependa amani kuliko chakula cha mchana. Mwalimu wa Kilimo, mtu mrefu aliyevaa mabuti ya mpira hata siku za jua kali, aliwaonyesha namna ya kufanya: unachora mistari, unapanda mbegu, unazifunika kwa udongo kiduchu, kisha unatandaza nyasi kavu juu ili udongo usikauke na ndege wasidonoe.

"Nyasi kavu ziko stoo," alisema. "Chukueni zile."

Dawati la Kigingi lilifika stoo la mwisho. Zilikuwa zimebaki nyasi za msimu uliopita, nusu vumbi, nusu mavi ya panya. Kigingi alizitazama kwa dharau.

"Hizi hazifuniki hata kiatu," alisema. "Twende kule kwenye uzio."

Kwenye uzio wa nyuma palikuwa na nyasi ndefu za asili, zilizoota zenyewe pale tangu shule haijajengwa. Hakuna aliyezipanda na hakuna aliyewahi kuzimaliza, maana zilifyekwa kila mwaka na kila mwaka zikarudi. Kigingi alishika fyekeo, akakata mzigo mzima. Zilitoa harufu kali, chungu kidogo, iliyomganda mikononi mpaka jioni.

"Lakini Mwalimu amesema kavu," Miwani alimkumbusha. "Hizi ni mbichi."

"Zitakaukia hukohuko juu ya kitalu. Wewe nawe, kila kitu mwalimu amesema, mwalimu amesema!"

Miwani akainama kusaidia, kama kawaida yake. Wakazikatakata nyasi, wakazitandaza tabaka nene, na kitalu chao kikawa kama kimevaa koti la kijani. Kigingi alijipongeza moyoni. Kila asubuhi alimwaga maji juu ya koti lile, na kwa vile alitaka kuwashinda wote, alimwaga maradufu.

Siku ya kufunua ikafika. Kitalu cha kwanza kilipofunuliwa, miche ilikuwa imejipanga mistari mizuri ya kijani. Cha pili vilevile. Hata kitalu cha Kapteni, mvulana aliyeongoza timu ya mpira na aliyemwagilia pale tu alipokumbuka, kilikuwa kimeota. Kigingi alishika nyasi zake kwa mikono miwili, akazinyanyua, na chini yake hapakuwa na kitu. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa, na mtupu.

Mwalimu wa Kilimo alichutama. Akachokonoa udongo kwa kidole hapa na pale, lakini mbegu ya kabichi ni ndogo kama punje ya mchanga, na rangi yake ni ya udongo uleule. Hakuona chochote.

"Mbegu ziko wapi?"

"Tulipanda, Mwalimu," Kigingi alijibu.

"Mbegu zenu zilitoka pakiti moja na za wengine. Kitalu cha kulia kimeota, cha kushoto kimeota. Chenu kimelala?"

"Wamezipeleka nyumbani kwao, Mwalimu!" Kapteni alipiga kelele kutoka nyuma. "Mimi nilijua tu! Wezi wa mbegu!"

Darasa lote likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Mwaka uliotangulia wanafunzi fulani walimwaga mbegu zao chooni ili wasisumbuke kumwagilia, kisha wakamwapia kwamba zimeoza. Alikuwa amewaamini, na baadaye walimu wenzake walimtania sana. Mtu aliyekwisha kufanywa mjinga mara moja hataki mara ya pili.

"Jumatatu," alisema, "mtasimama mstarini mbele ya shule nzima. Mtasema mlizipeleka wapi, na mtaomba radhi."

Jumatatu ikafika. Shule nzima ilikuwa mstarini na bendera juu. Miwani aliitwa kwanza. Alitazama viatu vyake, akasema kwa sauti iliyosikika kwa tabu, "Naomba radhi," bila hata kujua anaomba radhi ya nini. Kisha zamu ya Kigingi ikafika. Aliogopa, ila alijikaza kisabuni.

"Siombi radhi," alisema. "Tulipanda. Sikuiba mbegu, na siwezi kusema nilifanya kitu ambacho sikufanya."

Mstari mzima ulivuta pumzi kwa pamoja. Mtoto wa darasa la kwanza alianza kucheka, akabanwa mdomo na dada yake.

"Sawa," alisema Mwalimu, uso ameukaza. "Kuanzia leo wewe na mwenzako hamna kazi bustanini. Kazi yenu ni vyoo. Mwisho wa mwezi kitalu chenu kitalimwa upya na kitapewa dawati la Kapteni. Na mzazi wako nataka kumwona."

Walipokuwa wakienda kuchukua mafagio, Miwani alilia kwa hasira. "Ungesema tu samahani yakaisha! Neno moja! Sasa tunaitwa wezi na tunaosha vyoo."

"Hata ningesema samahani tungeitwa wezi," Kigingi alijibu. "Tena tungekuwa tumekubali wenyewe."

Kwa siku kadhaa Miwani alikaa kwenye ukingo wa dawati, akimpa mwenzake mgongo. Jambo hilo lilimuuma Kigingi kuliko kelele za wale waliomwita mwizi wa mbegu kila alipopita na ndoo yake.

Nyumbani, baba yake alikuwa fundi baiskeli. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele, chenye minyororo ukutani na makopo matupu ya grisi chini ya benchi. Alimsikiliza binti yake huku akizungusha gurudumu na kutazama kama limepinda.

"Ulipanda?" aliuliza.

"Nilipanda, baba."

"Kweli tupu?"

"Kweli tupu."

Baba akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mimi nakuamini, kwa sababu wewe ni mwanangu na nakujua. Lakini mwalimu wako hana sababu hiyo, mama. Nikienda kumwambia mwanangu hadanganyi, ataniambia kila mzazi husema hivyo, na hatakuwa amekosea. Tafuta kitu cha kumwonyesha. Ukikipata, nitakuja hata na mikono yangu hii ya grisi."

"Na nisipokipata?"

"Basi utaosha vyoo huku ukijua hukuiba. Si jambo dogo hilo. Ila ubishi mtupu hautamgeuza mtu."

Kigingi alikasirika. Alitaka baba yake aende shule siku hiyohiyo akagonge meza! Lakini maneno yale yalimkaa kichwani, hata asubuhi iliyofuata alipokuwa akifagia nyuma ya vyoo, karibu kabisa na ule uzio wa nyasi ndefu.

Pale ndipo alipoona kitu. Magugu yalikuwa kila mahali katika ile shule: kwenye nyufa za ngazi, chini ya bomba, hata ndani ya mfereji wa maji. Lakini kuzunguka mashina ya zile nyasi palikuwa na ardhi tupu, kama pamefagiliwa. Magugu yalisogea mpaka umbali fulani, yakakoma. Kigingi aliacha fagio lianguke. Akakimbia mpaka bustanini, mahali alipokatazwa kukanyaga, akasimama mbele ya kitalu chake.

Kwenye vitalu vingine wenzake walikuwa wameinama wakipalilia, maana magugu yalikuwa yanashindana na kabichi. Kitalu chake kilikuwa safi. Hakikuwa na gugu hata moja, na hakuna mtu aliyekipalilia.

"We mwizi, umekuja kuiba na udongo?" Kapteni aliita.

Kigingi hakumsikia hata kidogo. Alikuwa tayari yuko mlangoni kwa Mwalimu wa Kilimo, akihema, nyasi zimemganda kwenye soksi.

"Mwalimu, na magugu nayo nimeyaiba?"

Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye madaftari. "Unasemaje?"

"Magugu, Mwalimu. Hakuna anayeyapanda, yanaota yenyewe. Kwenye vitalu vyote yapo. Kwangu hakuna hata moja. Kama shida ni kwamba sikupanda kabichi, magugu yamekwenda wapi? Niliyapeleka nyumbani nayo?"

Kwa mwalimu mwingine yeyote, maneno yale yangemwongezea mtoto yule mwezi mzima wa vyoo. Mwalimu wa Kilimo alikunja uso, na ilionekana wazi kwamba hakupenda ile sauti. Lakini alipenda kilimo. Alivaa mabuti yake, akatoka, akakizunguka kitalu kitupu mara mbili. Kisha akafuatana na Kigingi hadi kwenye uzio, akatazama ardhi iliyo wazi chini ya nyasi.

"Unadhani ni nyasi hizi," alisema mwishowe.

"Ndizo tulizotandaza."

"Inawezekana. Lakini inawezekana pia ni giza. Mlitandaza nyingi mno. Labda mbegu zilikosa mwanga na hewa, basi. Utajuaje kuwa si giza?"

Lilikuwa swali zuri, na swali zuri lilimchokoza Kigingi kuliko matusi.

Siku iliyofuata alikuja na makopo matatu ya grisi ya baba yake, yaliyooshwa kwa sabuni na majivu hadi yakang'aa. Mwalimu alitoa mbegu nyingine kwa mkono wake mwenyewe na akazipanda mwenyewe, udongo uleule katika makopo yote. La kwanza lilimwagiliwa maji ya kawaida. La pili lilimwagiliwa maji zilimolowekwa zile nyasi zilizokatwakatwa, ila halikufunikwa na kitu. La tatu lilipata maji ya kawaida, lakini lilifunikwa gunia zito ili liwe na giza. Makopo yakawekwa dirishani mwa ofisi ya walimu, na wanafunzi wakawa wanapita wakichungulia kana kwamba kuna mgonjwa ndani.

Kopo la kwanza likaota. La gunia nalo likaota, miche ikiwa mirefu na myeupe kwa kukosa mwanga, lakini ilikuwapo. Kopo la maji ya nyasi lilitoa miche miwili tu, na yote miwili ilikuwa imejikunja, mizizi mifupi kama kope.

Mwalimu aliligeuza lile kopo mkononi kwa muda mrefu, kisha akaliita darasa zima.

"Tazameni. Mimea mingine hutengeneza kemikali ndani ya majani na mizizi yake. Mvua ikinyesha, au majani yakianza kuoza, kemikali hizo huingia udongoni, na mbegu ya jirani hushindwa kuota, au huota ikiwa dhaifu. Si nyasi zote zinazofanya hivyo, na si kila jirani anayedhurika. Lakini hizi zetu za asili zimekaa pale uzioni miaka yote kwa sababu zinajua kulinda nafasi yao." Akamgeukia Kigingi. "Na wewe, kadiri ulivyomwaga maji juu yake, ndivyo ulivyozidi kuzichuja kemikali zishuke kwenye mbegu. Bidii yako ndiyo iliyozimaliza."

Kigingi alihisi masikio yanawaka. Asubuhi zote zile!

"Lakini Mwalimu," Kapteni aliinua mkono, "hiyo inaonyesha nyasi ni mbaya tu. Haionyeshi kwamba walipanda."

Kigingi alimtazama Kapteni kwa hasira, na kilichomkera zaidi ni kwamba yule mvulana alikuwa amesema kweli. Nyasi zingeweza kuwa na kemikali hata za kuua tembo, na bado mtu angeweza kuiba mbegu.

Ndipo Miwani, ambaye tangu kuanza kwa muhula hakuwa ameinua mkono hata mara moja, akasimama.

"Mwalimu, labda mbegu hazijafa. Labda zimezuiwa tu. Kama maji ya nyasi ndiyo yaliyozizuia, tukiuosha ule udongo kwa maji safi, maji mengi, si zitafunguka?"

Kigingi aligeuka akamtazama mwenzake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mwalimu alitabasamu, tabasamu la kwanza tangu siku ile ya kufunua vitalu.

"Sina uhakika," alisema. "Tujaribu."

Alichukua koleo mwenyewe, akakata pande la udongo kutoka kitalu kitupu, akaliweka ndani ya beseni lililotobolewa chini. Makopo ya kumwagia yakapita mkono kwa mkono. Maji yaliyotoka chini yalikuwa ya kahawia mwanzoni, mwishowe yakatoka meupe. Beseni likafungiwa ofisini, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa Mwalimu, ili asije mtu akasema mbegu zimetiwa kwa siri.

Siku zile Kigingi hakuweza kula vizuri. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia na Kapteni alikwisha kuanza kupima kitalu chao kwa hatua. Beseni lilikuwa kimya. Ikafika siku Kigingi akaanza kujiambia kwamba labda mbegu zilikufa zamani, na kwamba ataitwa mwizi mpaka amalize shule.

Asubuhi moja Mwalimu aliwatokea mlangoni mwa vyoo, mabuti yake yakipiga kelele kwenye sakafu yenye maji. "Wekeni mafagio chini," alisema. "Njooni."

Ndani ya beseni, miche ya kabichi ilikuwa imeinua vichwa. Haikuwa mingi, na mingine ilikuwa imepinda, lakini ilikuwa kabichi, na ilikuwa imejipanga kwenye mstari mnyoofu, vilevile walivyouchora. Miwani aliruka akamkumbatia Kigingi. Kigingi, aliyekuwa hajatoa chozi siku ya mstari wala siku zote za vyoo, akalia kwa sauti na wala hakuona aibu.

Jumatatu iliyofuata beseni liliwekwa mbele ya shule nzima. Baba alikuwapo, amesimama pembeni, mikono ya grisi mgongoni. Mwalimu alieleza yote, na shule ikapiga makofi mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. Kisha akamwita Kigingi mbele aseme lolote apendalo.

Angeweza kusema asante tu akarudi. Hakuna aliyekuwa akimdai zaidi. Lakini alisimama pale, akamwona Miwani mstarini, akakumbuka ni nani aliyesema neno "kavu" na ni nani aliyembishia.

"Sikuiba mbegu," alisema. "Kwa hilo siombi radhi, hata leo, na hata mngenioshesha vyoo mpaka mwaka uishe nisingeomba. Lakini Mwalimu alituambia nyasi kavu, na mimi nikaleta mbichi. Miwani alinikumbusha, nikamdharau. Kwa hilo naomba radhi. Kwanza kwa Miwani, halafu kwa Mwalimu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu wa Kilimo alivua kofia yake.

"Na mimi niliwahukumu kabla ya kuchunguza," alisema. "Niliwatuhumu hadharani, basi naomba radhi hadharani. Wanangu, sikilizeni. Huyu mtoto alikataa kusema uongo ili aachwe kwa amani, na alifanya vizuri. Lakini hakuishia kukataa. Alitafuta ushahidi, na ushahidi ulipomgusa yeye mwenyewe hakuuficha. Mkweli ni yule anayesema kweli inayomtetea na kweli inayomwumbua, zote mbili, kwa sauti ileile. Kitalu ni chao. Vyoo vimekwisha. Na zile nyasi tutazitandaza kwenye vijia vya bustani, tuone kama magugu yatathubutu."

Alikuwa anataka kuwaruhusu waende madarasani, lakini Kapteni alitoka mstarini bila kuitwa. Alisimama mbele ya Kigingi, akajikuna shingo, akatazama chini, kisha akainua macho.

"Mimi ndiye niliyesema wameiba," alisema kwa sauti ya kufika mpaka mstari wa nyuma. "Sikuona kitu chochote. Nilisema tu. Naomba radhi."

"Nimekusamehe," Kigingi alisema. "Ila useme tena kwa Miwani. Na sauti iwe hiyohiyo."

Kapteni akageuka, akasema tena.